Jinsi ya kuchora ramani ya Wahindu duniani, kuanzia jedwali tupu

Ramani yangu ya kwanza ya Wahindu ilinirudia ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati la mzee mmoja anayeuza misumari na bawaba hapa Dar es Salaam. Ilikuwa imetoka gazetini wiki ileile. Mzee akaikunjua juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye Tanzania na kuniuliza, "Kijana, hii namba umeitoa wapi?" Nikamjibu kwamba nimechukua idadi ya Wahindi waliopo nchini. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi Bohora, mwanangu. Nimezaliwa Mwislamu, baba Mwislamu, babu Mwislamu. Leo umenifanya Baniani mbele ya mji mzima."

Kazi yangu ni kuchora ramani za takwimu kwa ajili ya vitabu vya shule na magazeti. Ramani hii nimeshaichora mara nne sasa, na kila mara nimejifunza kosa jipya. Ninakuandikia njia ninayoifuata leo. Utahitaji kompyuta yenye Excel au LibreOffice, programu ya kuchorea ramani ya QGIS ambayo ni ya bure, na siku nzima isiyo na kazi nyingine. Kuchora kwenyewe ni saa mbili. Muda uliobaki wote unaishia kwenye jedwali.

Hatua ya 1: Amua unahesabu nani

Kiswahili kinatutega hapa kwa herufi moja. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Wazee wetu wa pwani hawakuchanganya, kwa sababu walikuwa na majina ya kutosha: Baniani ndiye Mhindu, Kalasinga ndiye Sikh, kisha Bohora, Khoja, Mgoa ambaye kwa kawaida ni Mkatoliki. Methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa haina adabu, lakini aliyeitunga alijua vizuri tofauti kati ya mwenye duka Baniani na mwenye duka Bohora. Sisi wa leo tunasema "Mhindi" tukiwa tumewafunga wote kwenye furushi moja, kisha tunashangaa hesabu zikipinda.

Jipime kwa Kenya, kwa kuwa sensa yao inauliza dini na kabila. Mwaka 2019 waliojiandikisha kuwa Wahindu walikuwa 60,287. Watu wenye asili ya Asia, raia na wasio raia, walikuwa elfu 90 hivi. Ukichukua namba ya pili kuwa ndiyo ya Wahindu umeshaongeza nusu nzima, na ndani yake wamo Mabohora, Maismailia, Makalasinga, Wagoa na hata Wachina.

Kosa linakwenda upande wa pili pia. Wapo Wahindu ambao si Wahindi hata kidogo. Wabali wa Indonesia ni mamilioni. Accra, Ghana, ipo Hindu Monastery of Africa iliyoanzishwa mwaka 1975 na Swami Ghanananda, Mghana aliyezaliwa hukohuko, na waumini wake ni Waghana. Kusini mwa Vietnam ya kati, Wacham wa dhehebu la Balamon wameshika mila zenye mizizi ya Uhindu tangu enzi za ufalme wa Champa. Kwa hiyo andika sentensi moja juu ya faili lako kabla ya kitu kingine chochote. Yangu inasema: "Nahesabu watu waliosema wenyewe kwamba dini yao ni Uhindu." Kila utakapokwama, rudi usome sentensi hiyo.

Hatua ya 2: Chora safuwima kabla ya kutafuta namba

Wengi wanafungua intaneti kwanza, wanazoa namba, halafu ndipo wanatafuta pa kuziweka. Fanya kinyume. Fungua jedwali tupu lenye safuwima hizi: jina la nchi, alama ya nchi ya herufi tatu (IND, NPL, MUS, KEN na kadhalika), mwaka, jumla ya watu, Wahindu, asilimia, aina ya chanzo, nani aliulizwa, dokezo.

Kwenye aina ya chanzo ninaweka herufi moja: S kwa sensa, U kwa utafiti wa sampuli, K kwa kadirio. Safuwima ya "nani aliulizwa" ndiyo watu wanayoiruka, na mimi ningeifuta nyingine yoyote kabla ya hiyo. Mfano wa karibu ni Singapore. Sensa yao ya 2020 inatoa Wahindu asilimia 5.0, lakini waliohesabiwa ni wakazi wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Watoto hawamo. Wale vibarua wa ujenzi waliokuja kwa mkataba kutoka Tamil Nadu nao hawamo. Asilimia hiyo ukiizidisha kwa watu wote waliomo kisiwani, unapata namba isiyomhusu mtu yeyote.

Hatua ya 3: Anza na India, na usiwe na haraka

Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu bilioni 1.21. Wahindu walikuwa milioni 966.3, yaani asilimia 79.8. Waislamu milioni 172, Wakristo karibu milioni 28, Sikh karibu milioni 21, halafu Wabudha na Wajaini. Sensa iliyofuata ilipaswa kufanyika 2021, korona ikaivuruga, ikaahirishwa tena na tena hadi ikapangwa kwa 2027. Kwa hiyo mwaka utakaoandika mbele ya India ni 2011, hata kama unaona haya. Usiufiche.

Ninakuambia ukae hapa kwa sababu ya hesabu moja tu. Asilimia moja ya milioni 966 ni karibu milioni 9.7. Hao wanakaribia kuwa sawa na Wahindu wote wa Pakistan na wa Indonesia ukiwajumlisha. Yaani unaweza kukesha ukitafuta idadi kamili ya Wahindu wa Suriname, halafu ukakosea kidogo tu India, na kazi yako yote ya usiku ikamezwa.

India nayo haifanani kila pahali. Himachal Pradesh ni asilimia 95 Wahindu. Mizoram, kule mashariki mpakani na Myanmar, ni chini ya asilimia 3, kwa kuwa wengi ni Wakristo. Punjab ni 38.5 na Kerala ni 54.7. Uttar Pradesh peke yake ina Wahindu milioni 159. Zidisha watu wote wa Tanzania wa sensa ya 2022 mara mbili na nusu, bado hujawafikia. Kama ramani yako ni ya ukutani au ya ukurasa mzima, igawe India kwa majimbo. Kuipaka rangi moja ni sawa na kuipaka rangi moja Afrika Mashariki yote, kuanzia Lamu mpaka Bujumbura.

Dokezo la kuweka hapa ni kuhusu watu wa mpakani mwa hesabu. Mwaka 2011 karibu watu milioni 5, wengi wao kutoka jamii za asili za Jharkhand na majimbo ya jirani, walikataa visanduku vilivyokuwepo na kuandikisha dini yao kuwa Sarna. Jirani zao wa kabila lilelile wamo ndani ya idadi ya Wahindu. Tena ipo amri ya rais ya 1950 kuhusu matabaka yaliyobaguliwa kijadi: nafasi maalumu za kazi na masomo ziliwekwa kwa Wahindu wa matabaka hayo, baadaye wakaongezwa Sikh mwaka 1956 na Wabudha 1990. Anayebatizwa anazikosa. Wewe fikiria mwenyewe karani wa sensa akibisha hodi kwenye nyumba ya mtu wa namna hiyo, atajibiwa nini. Namba haibadiliki kwa sababu hiyo, ila msomaji wako ana haki ya kujua imezaliwa vipi.

Hatua ya 4: Wajaze majirani

Nepal ni rahisi: sensa ya 2021, watu milioni 29.2, Wahindu asilimia 81.2, sawa na milioni 23.7. Kwa asilimia Nepal inaizidi India, jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini mpaka nifungue jedwali.

Bangladesh ilihesabu 2022 na kupata Wahindu asilimia 7.95, karibu milioni 13.1. Hapa ongeza mistari ya nyuma, maana namba ya leo peke yake ni bubu. Mwaka 1951 walikuwa asilimia 22, mwaka 1974 wakawa 13.5. Mgawanyo wa India na Pakistan wa 1947 uliwahamisha wengi, vita ya 1971 ikawahamisha wengine, na katikati yake ikaja sheria ya mali za adui ya 1965 iliyowanyang'anya ardhi walioonekana kuwa na uhusiano na India. Wengi walivuka kwenda majimbo ya India ya West Bengal na Tripura. Maana yake sehemu ya waliopungua Bangladesh imo ndani ya mstari wa India, na ukilinganisha miaka bila kukumbuka hilo utadhani watu waliyeyuka.

Pakistan ina mtego ulioninasa mimi mwenyewe. Sensa yao inaweka Wahindu kwenye safuwima mbili: moja imeandikwa Wahindu, nyingine inawataja watu wa matabaka ya chini peke yao. Mwaka 2023 ya kwanza ilikuwa na milioni 3.87 na ya pili milioni 1.35. Nilinakili ya kwanza, nikafunga faili, nikalala usingizi mzuri, kumbe nimeacha nje watu zaidi ya milioni moja. Jumlisha: milioni 5.2, asilimia 2.2 hivi ya nchi. Karibu wote wako jimbo la Sindh, na katika wilaya ya Umerkot wao ndio zaidi ya nusu ya wakazi.

Sri Lanka, sensa ya 2012, ni asilimia 12.6, wengi wao Watamil wa kaskazini, mashariki na mashamba ya chai ya milimani. Bhutan weka herufi K na dokezo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wapatao laki moja wenye asili ya Nepal, wengi wao Wahindu, walifukuzwa au kukimbia. Waliishi kambini Nepal kwa karibu miaka ishirini, kisha wengi wakapelekwa Marekani.

Indonesia ningeiweka peke yake. Sensa ya 2010 ilipata Wahindu milioni 4.0, asilimia 1.7 ya nchi, na Bali peke yake ilikuwa na milioni 3.2, ambao ni asilimia 83 ya wakazi wa kisiwa hicho. Serikali ya Indonesia inatambua dini chache tu, na kila raia hutakiwa kuandikishwa. Wabali walipigania Uhindu wao utambuliwe baada ya uhuru. Mwaka 1980 dini ya asili ya Kaharingan ya Wadayak wa Kalimantan ikawekwa chini ya mwavuli wa Uhindu, kwa kuwa mwavuli wake wenyewe haukuwepo. Kwa hiyo ile rangi utakayoiona Kalimantan ilitoka ofisini. Hakuna meli ya Wahindi iliyoipeleka kule.

Hatua ya 5: Fuata meli

Ukimaliza Asia utabaki na nukta zilizotawanyika baharini, na usipojua historia zitakuonekania kama kosa la programu. Kwa nini Fiji? Kwa nini Guyana? Ongeza safuwima moja zaidi, "walifikaje".

Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake miaka ya 1830, wenye mashamba ya miwa walitaka mikono mingine. Wakaichukua kutoka India kwa mkataba wa miaka mitano, ambao vibarua wenyewe waliutamka "girmit" kutokana na neno la Kiingereza la mkataba, na hadi leo wajukuu wa Fiji wanawaita mababu zao girmitiya. Andika kwenye safuwima yako: Morisi 1834, meli ya Atlas. Guyana Mei 1838, meli za Whitby na Hesperus. Trinidad Mei 1845, Fatel Razack. Durban Novemba 1860, Truro. Suriname, iliyokuwa ya Waholanzi, Juni 1873, Lalla Rookh. Fiji 1879, Leonidas. Mfumo ulisimamishwa 1917.

Sasa weka namba pembeni ya meli. Morisi: asilimia 47.9 kwa sensa ya 2022. Ndiyo nchi pekee ya Afrika ambako Wahindu ndio kundi kubwa kuliko yote, na gati walikoshukia, Aapravasi Ghat mjini Port Louis, limetunzwa na kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Fiji: 27.9 kwa sensa ya 2007, na baada ya mapinduzi ya 1987 wengi walihamia Australia, New Zealand na Kanada. Guyana 24.8 na Suriname 22.3, zote sensa za 2012. Trinidad na Tobago 18.2 kwa sensa ya 2011. Afrika Kusini ni asilimia 1 na kidogo tu, ila usichukue sensa yao ya 2011, maana mwaka huo swali la dini halikuulizwa. Chukua ya 2022.

Na sisi je? Hapa ndipo watu wa kwetu wanapokosea kwa kujiamini. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walifariki, wengi wakarudi kwao, na 6,700 hivi wakabaki. Lakini vibarua hao wengi walitoka Punjab, na wengi wao walikuwa Waislamu na Sikh. Mabaniani wa pwani walikuwepo zamani kabla ya reli, tena kwa nauli zao wenyewe: wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar, magharibi mwa India, waliokuja na majahazi ya kaskazi. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia wa Kutch, ilikodi forodha ya Zanzibar chini ya Sayyid Said. Ukiandika "reli" mbele ya Wahindu wa Kenya umeandika nusu ya kweli, na nusu yenyewe ni ile ndogo. Mimi ninaandika "biashara, kisha reli".

Uganda iandikie mwaka 1972 kwenye dokezo. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90. Wengi waliishia Uingereza, na halmashauri ya mji wa Leicester ilifikia hatua ya kununua tangazo kwenye gazeti la Kampala kuwaomba wasije. Walikwenda. Sensa ya 2021 inaonyesha Leicester ina Wahindu asilimia 17.9.

Hatua ya 6: Fuata ndege

Wimbi la pili ni la elimu na kazi, na lenyewe halina mengi ya kusimulia, kwa hiyo jaza haraka. England na Wales 2021: milioni 1.03, asilimia 1.7. Andika "England na Wales", usiandike Uingereza, kwa sababu Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sensa zao. Swali la dini kule ni hiari, na asilimia 6 waliliacha wazi. Kanada 2021: zaidi ya laki nane, asilimia 2.3. Australia 2021: elfu 684, asilimia 2.7, kutoka asilimia 1.9 miaka mitano tu kabla yake.

Kigumu ni Ghuba. Huko sensa nyingi hazitoi dini ya wageni, na wageni ndio wengi. Kishawishi kitakujia hivi: chukua Wahindi walioko Emirates, zidisha kwa 79.8, kazi imekwisha. Usifanye hivyo. Wahindi wengi wa Ghuba kwa miongo wametoka Kerala, na Kerala Wahindu ni asilimia 54.7, Waislamu 26.6, Wakristo 18.4. Ukitumia asilimia ya India nzima utakuwa umewaingiza watu Uhindu kwa kikokotoo. Ni kosa langu lilelile la muuza misumari, safari hii limevaa suti. Weka kadirio la taasisi ya utafiti, andika K, endelea mbele.

Oman ipe dokezo lake, hasa kama wasomaji wako wana ndugu Muscat. Kule wapo Mabaniani wa karne na karne, wa Kutch kama wale wa Unguja, na wachache wao ni raia. Kanaksi Khimji, mfanyabiashara Mhindu wa Muscat, alipewa hata cheo cha sheikh. Hao ukiwaweka pamoja na kibarua aliyeshuka uwanja wa ndege mwaka jana utakuwa umefuta historia nzuri.

Hatua ya 7: Nchi zisizouliza

Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967. Marekani sheria ya 1976 inakataza mtu kulazimishwa kutaja dini yake kwa watu wa sensa. Ufaransa haiulizi dini kwenye sensa yake, na madhara yake unayaona kwenye kisiwa cha Réunion, jirani wa Morisi, chenye mahekalu ya Watamil kila upande na mstari mtupu kwenye jedwali. Uholanzi ina maelfu ya Wahindustani waliotoka Suriname wakati wa uhuru wa 1975, lakini daftari lao la wakazi linaandika mtu alikozaliwa yeye na wazazi wake tu.

Kanuni yangu ni tatu. Usiweke sifuri, sifuri maana yake uliuliza ukaambiwa hakuna. Ukipata utafiti wa sampuli unaoeleweka, tumia, weka U. Usipopata, acha wazi na uichore nchi hiyo kwa mistari ya mshazari, na kwenye ufunguo wa ramani uandike "Haiulizwi". Mhariri atakupigia simu kulalamika kwamba ramani ina mashimo. Mwambie mashimo hayo ndiyo taarifa.

Hatua ya 8: Linganisha miaka

Una India ya 2011 na Nepal ya 2021 kwenye meza moja. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kila nchi na mwaka wake na kuuchapa mwaka huo chini ya jina. Ya pili ni kuchukua asilimia ya sensa na kuizidisha kwa makadirio ya watu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka mmoja uliouchagua. India ya 2020 ilikuwa na watu karibu bilioni 1.4, mara asilimia 79.8 unapata bilioni 1.12. Herufi S inageuka K papo hapo, usiisahau. Kwa kitabu cha shule ninatumia njia ya pili. Kwa gazeti, ya kwanza.

Ukimaliza, jumlisha safuwima nzima. Makadirio ya Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, kwa 2020 ni Wahindu bilioni 1.2 duniani, kama asilimia 15 ya watu wote, na asilimia 95 yao wako India. Wewe ukipata bilioni 1.5 au milioni 900, kuna nukta umeihamisha mahali.

Hatua ya 9: Chora

Pakua mipaka ya nchi ya Natural Earth, ni ya bure. Usichukue ile ya kipimo kidogo kabisa cha 1:110m, kwa sababu Morisi haimo, na ramani ya Wahindu isiyo na Morisi ni pilau isiyo na bizari. Chukua ya 1:50m au 1:10m. Ndani ya QGIS unganisha jedwali lako kwa alama ya herufi tatu, kamwe si kwa jina, maana wewe umeandika Morisi na wao wameandika Mauritius. Tumia safuwima ya ADM0_A3. Ile ya ISO_A3 ina -99 kwa Ufaransa na Norwei, na utatafuta kosa hilo mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa, rangi au duara? Ukipaka nchi rangi kwa asilimia, Kanada na Australia zinajaa ukurasa kwa asilimia 2 zao, huku Morisi yenye 48 ikiwa haionekani. Mimi ninatumia duara. Eneo la duara ndilo linalobeba idadi, kwa hiyo nusu kipenyo kinafuata kipeuo cha pili. India milioni 966.3 gawanya kwa Nepal milioni 23.7 unapata kama 40.8, kipeuo chake ni 6.4. Ukiipa India nusu kipenyo cha milimita 20, Nepal inapata 3.1, Morisi nusu milimita, na Kenya milimita 0.16. Kalamu ya risasi haichori kitu hicho.

Ndiyo maana ninachora ramani mbili. Ya kwanza inayo India, na msomaji anaona duara moja kubwa lenye vumbi pembeni, nao ndio ukweli ulivyo. Ya pili ninaiondoa India kabisa, ninaandika hivyo kwa herufi kubwa kwenye kichwa, kisha Nepal ndiyo inapewa milimita 20. Hapo Bangladesh inakuwa karibu 15, England na Wales 4, Morisi 3, Kenya 1. Njia zote za meli zinajitokeza, kuanzia Fiji hadi Georgetown kule Guyana.

Hatua ya 10: Mpelekee mtu aliyemo ndani yake

Usimpelekee mchoraji mwenzako. Mimi nilirudi kwa yule mzee wa misumari nikiwa na ramani ya nne. Alivaa miwani, akaipeleka karibu na mlango penye mwanga. Tanzania aliiona mara moja ikiwa na mishazari yake, akasoma "Haiulizwi tangu 1967", akaguna. Kisha akauliza Morisi iko wapi, kwa sababu ana shemeji kule. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Akasema alidhani ni doa la wino.

Basi ongeza na hili: kisanduku kidogo chini kushoto, bahari ya Hindi peke yake, kuanzia Mombasa hadi Morisi, kimekuzwa mara nne, na mshale kutoka Morisi.